Alama Kabla ya Kufungua

Kilwa, 22 Oktoba 1961

Kwa Yaya wangu Sumaili, kaka yangu mkubwa, fundi wa magari, komini Albert, Elisabethville.

Salaam nyingi kwako na kwa Mama, na kwa kila anayepita mlangoni kwako kuomba maji na kuishia kusikiliza hadithi zako. Sisi huku Kilwa ya ziwani wazima. Bahati ameota jino mahali pa lile alilolitupa juu ya bati lako, na anataka Bibi yake aambiwe leo leo. Tena ameanza mchezo mpya: kabla sijafunua sufuria ya bukari, lazima yeye kwanza achore mstari wa chaki kwenye kifuniko na sufuria, halafu anapiga kelele, "Alama kabla ya kufungua!" Umemharibu mwanangu. Baba yake, Amadi, anakusalimu, anasema shemeji yake ana mikono ya dhahabu na mdomo wa kasuku. Mimi nimeandika tu alivyosema, usinikasirikie.

Tulifika, Alhamdulillahi. Ile tarehe kumi na tatu Septemba, tulipotoka garagini kwako huku risasi zikilia upande wa posta, nilidhani hata daraja la kwanza hatutalivuka. Bado nakuona umelala chini ya kamioneti, miguu tu iko nje, mimi nakuita, "Yaya, inatosha!" nawe unajibu, "Bado buloni moja!" Ulitoka na grisi mpaka kwenye nyusi, ukampiga Amadi begani, ukasema nendeni. Hata mikono hukunawa. Mungu akulipe.

Sasa neno lenyewe. Kamioneti inatetemeka. Mwendo wa chini ya hamsini haisemi kitu. Ikifika hamsini, sakafu inaanza kunguruma chini ya nyayo zangu, kama mtu anatwanga sombe kinuni nyumba ya pili. Ikifika sitini, kioo cha kuangalia nyuma hakina kazi tena, kila mtu barabarani anakuwa wawili. Amadi anasema ni barabara. Barabara gani? Hii hii tumeipita miaka minne, na mimi ndiye ninayekaa pale na mtoto mapajani. Sauti ya gari ile naijua kama kikohozi cha Mama. Hii si yake.

Yaya, unajua kila juma Amadi anashusha samaki wakavu Kasenga, na ule mteremko wa mawe mekundu unaujua. Gari ile ndiyo chakula chetu, na aliye ndani yake ndiye baba wa mtoto. Niambie inaumwa nini.

Naandika mimi kwa kuwa Amadi usukani anaujua, kalamu hapana. Jibu lako nitalisoma kwa sauti barazani kama kawaida. Majirani wote watakuja, maana siku hizi barua ya mjini ndiyo redio yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Habiba


Elisabethville, 9 Novemba 1961

Kwa mudogo wangu Habiba, na shemeji yangu Amadi anayesikiliza hapo pembeni, na majirani zenu wote wenye masikio marefu: salaam.

Mama mzima, magoti tu. Barua yako nimemsomea mara moja. Jioni yake nikamsikia anamwambia jirani barua nzima, kuanzia jino la Bahati mpaka kasuku, bila kukosa. Herufi hazijui, lakini kitu kikishaingia katika sikio lake hakitoki. Anasema umwambie mkwewe asimsahau na samaki. Huku mjini tunaishi. Kila kona iko soda, yaani askari, wa rangi yake, wengine wa Tshombe, wengine wa Umoja wa Mataifa, na wote wanataka kuona karatasi yako. Nimekuwa mtu wa kutoa karatasi kuliko kushika ufunguo wa buloni.

Kuhusu gari, usiogope. Mtetemo una wazazi wengi. Fundi mjinga anafungua kwanza, halafu anauliza. Mimi nauliza kwanza. Basi fanyeni hivi.

Muangalie kinachotetemeka ni usukani au ni kiti. Usukani ukicheza, ugonjwa uko mbele. Ikitetemeka sehemu ya kukalia (samahani, Mama anasikia), ugonjwa uko nyuma. Halafu, mkifika sitini, Amadi akanyage ambreyaji, ile pedali ya mguu wa kushoto, aiache gari itembee yenyewe. Mtetemo ukikatika, shitaka ni la moteri. Ukiendelea, moteri haina kosa, kosa ni la vile vinavyozunguka baada yake. Kisha ule mkono mfupi wa kushika magurudumu ya mbele ili nayo yavute: ajaribu ukiwa umeshikwa, ajaribu ukiwa umeachwa. Kama mtetemo ni uleule, muache ya mbele, hayana kosa.

Lakini mimi naona ni tairi. Ile ya nyuma kulia niliiona ina uvimbe. Itoeni, muweke ya akiba. Tairi, Habiba. Muanze hapo.

Tena jambo moja: asiiguse mtu mwingine. Huko bantu wengi wanajiita mafundi kwa sababu wana ufunguo mmoja wa kumi na nne. Gari niliyoifunga mimi, naifungua mimi.

Kaka yako,
Sumaili


Kilwa, 27 Novemba 1961

Kwa Yaya Sumaili, salaam zetu zote.

Barua yako ilikuja na lori ya Mgiriki wa samaki, tarehe ishirini na nne. Niliisoma barazani siku ile ile, na pale pa sehemu ya kukalia watu walicheka mpaka Bahati akaogopa. Sisi wazima. Mvua imeanza, ziwa limechafuka, samaki ni wachache. Mama mwambie fungu lake la samaki limefungwa katika majani, linangoja mtu wa kuaminika. Amadi anakusalimu sana.

Sasa majibu yako, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Tairi tumebadilisha: hakuna kilichobadilika. Usukani hauchezi hata kidogo. Inatetemeka sakafu, na hiyo sehemu yako. Amadi amekanyaga ambreyaji tukiwa sitini, moteri ikanyamaza, mtetemo ukaendelea vilevile. Mkono mfupi, ukishikwa au ukiachwa, mtetemo ni uleule. Kwa hiyo, kwa maneno yako mwenyewe, ni vitu vinavyozunguka baada ya moteri, na ni vya nyuma.

Yaya, nililala chini ya gari. Ndiyo, mimi. Nimejifunga vitenge viwili, majirani wakaja kutazama kana kwamba nimepanda mti. Niliiona ile kardani, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka katikati mpaka magurudumu ya nyuma. Kila mwisho wake kuna msalaba mdogo wa chuma unaoshikwa na uma mbili. Misalaba ni mipya, inang'aa. Si hiyo uliyokuwa unaifunga siku ile? Hapo hapana kitu?

Maana sasa kuna jipya. Amadi akitoa gari mahali iliposimama, chini kunalia "klak", mara moja, kama mtu kagonga kufuli. Juzi alisema, "Habiba, hii inanishinda. Niipeleke kwa Stanislas." Stanislas ni yule fundi wa mashine ya barafu, mtu mpole, na anajua chuma. Mimi nikakataa. Nikamwambia, "Utamvua Yaya nguo. Watu watasema fundi mkubwa wa Elisabethville kazi yake imetengenezwa na mtu wa barafu." Akacheka, akasema, "Bon, kama Sumaili anasema iko tairi, iko tairi. Tungoje aseme ingine."

Basi sema ingine. Upesi.

Habiba


Elisabethville, 3 Januari 1962

Kwa mudogo wangu Habiba, salaam.

Tuko hai. Barua yako ya Novemba imenifikia tarehe ishirini na tisa Desemba, maana mwezi mzima hapakuwa na posta, palikuwa na mabomu. Siku kumi na mbili mimi na Mama tulilala chini ya meza ya kazi, ile ya chuma. Ukuta wa uani umelala chini wote. Mama hakulia. Alikuwa anahesabu milio kwa vidole, na kila ukipita anasema, "Huo haukuwa wa Amadi," kama vile mabomu yanatafuta mtu kwa jina. Anawaombea nyie kuliko anavyojiombea mwenyewe.

Kuhusu gari. Nimefikiri sana. Muangalie resori za nyuma, zile springi za mabamba, ile bamba ya pili huwa inapasuka. Muangalie mafuta ya diferensiali, kama yamepungua inalia. Na mzigo: Amadi anapakia sana, gari inakaa chini, hapo lazima itetemeke. Kardani msiishughulikie. Kardani ni nzuri, niliifunga mwenyewe.

Mwambie asipite arobaini. Arobaini, Habiba, hata kama samaki wanaoza. Na ule mteremko ashuke polepole, na vitesi ya kwanza, ile gia ya nguvu.

Kuhusu Stanislas ulifanya vizuri kukataa.

Sumaili


Kilwa, 11 Februari 1962

Kwa Yaya Sumaili.

Salaam kwako na kwa Mama. Nashukuru Mungu kwamba ile meza ni ya chuma. Bahati hajambo. Tuko juma la kwanza la mfungo. Mvua ni nyingi. Mimi siku hizi sitoki nyumbani.

Barua yako ya Januari ilifika tarehe ishirini na nne. Niliisoma peke yangu.

Nina swali moja. Siku ile ulipoitoa kardani, kabla hujaifungua, uliweka alama? Usinieleze resori, usinieleze mafuta. Umetulea na neno hilo kama wengine wanavyolelewa na sala. Uliweka, au hukuweka? Tumefunga sote, na mdomo uliofunga hauruhusiwi uongo.

Habiba


Elisabethville, 4 Machi 1962

Habiba, salaam.

Umekuwa inspekta? Tangu lini mwanamke wa Kilwa anamuhoji fundi wa kazi ya miaka kumi na tisa kuhusu patasi yake ya kupigia alama? Nani amekufundisha maneno haya? Ni yule mtu wa barafu, simama useme. Nilikwambia asiiguse.

Tena barua gani hii? Jino la Bahati halimo, ziwa halimo. Nilipomsomea Mama, alishika neno moja tu: "Mukwe wangu hakunisalimu. Mbona Amadi hakunisalimu?" Nikamwambia umesahau. Akasema, "Habiba hasahau." Kama shemeji amenikasirikia, aseme. Gari ni chuma, undugu si chuma.

Sikiliza. Aisimamishe. Hiyo ni amri yangu mimi mkubwa wenu. Isitembee hata hatua moja mpaka nije. Nimeomba karatasi ya njia, wananiambia leo, wananiambia kesho. Nikija nitaifungua mimi mwenyewe na kila kitu kitakaa mahali pake. Usiniulize zaidi. Asitembeze gari, umesikia? Mwambie nimemwapia.

Sumaili


Kilwa, 30 Machi 1962

Yaya.

Gari imesimama.

Hujajibu. Nakuuliza tena, ni mara ya mwisho. Uliweka alama?

Habiba


Elisabethville, 19 Aprili 1962

Kwa mudogo wangu Habiba.

Sikuweka.

Nimeandika neno hilo, nikaondoka mezani, nikarudi. Bado lipo. Basi niendelee.

Ile asubuhi nilikuwa nimeshatia misalaba mipya. Kardani ile ni nusu mbili, moja inaingia ndani ya nyingine kwa meno ya kuteleza. Risasi ya kwanza ya karibu ilipolia nilishtuka, zikaachana mikononi mwangu. Patasi ilikuwa mfukoni. Ningepiga alama mbili kabla ya kazi, kama ninavyofanya siku zote, ingekuwa kitu cha kupepesa macho tu. Lakini asubuhi ile niliona watu wanakimbia na magodoro vichwani, nikasema leo nitakumbuka. Nikazirudisha kwa macho, huku wewe unaniita. Nilitaka muondoke mkiwa hai, Habiba. Wallahi nilitaka hilo tu.

Uma za nusu ya mbele na uma za nusu ya nyuma lazima ziangalie upande mmoja, kama viganja vya mtu anayeomba dua. Zikipishana, hata kwa meno matatu, chuma kinazunguka na wivu: mara kinawahi, mara kinachelewa. Hapo ndipo sakafu inanguruma. Kinakula misalaba taratibu. Ile "klak" ndiyo msalaba ulioliwa. Ukikatika, kardani inaanguka.

Nilijua lini? Uliposema kutwanga sombe nyumba ya pili. Barua yako ya kwanza. Sauti hiyo nimewafundisha watu mimi.

Utaniuliza kwa nini nikasema tairi. Kwa sababu barua zangu zinasomwa barazani. Nilikaa hapa na kalamu, nikakuona unasimama, unasoma kwa sauti, "Mimi Sumaili sikuweka alama," Amadi yupo, majirani wapo, na yule anayesema nina mikono ya dhahabu anatazama chini kwa aibu yangu. Kalamu ikaenda kwenye tairi. Mara ya pili ikaenda kwenye resori. Nikasema nitaenda mwenyewe, nitalala chini, nitageuza meno matatu, nitatoka nacheka, hakuna atakayejua. Karatasi ya njia ndiyo iliyonikosesha. Hapana, nasema uongo tena. Ni mimi.

Dawa yake ni robo saa. Mfungue buloni nne za nyuma, mvute ile nusu itoke kwenye meno, mzungushe mpaka uma za pande zote ziangalie sawa, mrudishe. Misalaba iliyoliwa ibadilishwe. Stanislas anaweza. Muipeleke kwa Stanislas, mwambie mimi ndiye nimemtuma.

Na Amadi. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Aliendesha gari niliyoifunga vibaya miezi hii yote na ananiita mikono ya dhahabu. Barua hii usiisome peke yako. Isome barazani, waite wote, isome kwa sauti yako ile kali. Nimechoka kuogopa. Akisema neno lolote, hata tusi, niandikie kama alivyosema.

Kaka yako,
Sumaili


Kilwa, 2 Juni 1962

Kwa Yaya wangu Sumaili, na kwa Mama.

Salaam. Bahati hajambo, ameota na jino la pili. Ziwa limetulia, samaki wamerudi.

Amadi alifariki siku ya Ijumaa, tarehe kumi na tisa Januari. Alizikwa kesho yake asubuhi. Juzi nimemaliza eda yangu, miezi minne na siku kumi, ndiyo maana nakuandikia sasa.

Ilikuwa kwenye mteremko wa mawe mekundu. Alikuwa peke yake. Hakuwa anakimbia, wenye lori waliokuwa nyuma yake wamesema alikuwa anashuka kama mtu anayebeba mayai. Msalaba ulikatika, kardani ikaanguka upande wa mbele, ikachoma ardhi. Ilipojipinda ikakata bomba la breki. Akabaki hana cha kumshika. Walimkuta chini, samaki wametapakaa, yeye bado ana joto. Alisema jina la Bahati, basi.

Barua yako ya Januari, ya resori, ilikuta kaburi la siku nne. Hiyo sikulaumii, posta ilikuwa imekufa. Hata ungesema kweli ndani yake, isingemkuta. Ninayokulaumia ni ya Novemba. Ile ilifika tarehe ishirini na nne, na Amadi alikuwa amekaa pale pale barazani, amekunja miguu, anacheka. Robo saa, umesema mwenyewe. Alikuwa na majuma manane.

Stanislas ndiye aliyeivuta gari kwa kamba mpaka kwetu. Aliingia chini, akatoka, akaniomba chaki na patasi. Nikamuuliza za nini, gari imekufa. Akasema, "Mama, kitu kinachozunguka kinawekwa alama kabla ya kukifungua." Nikaangua kicheko, Yaya, mbele ya waliokuja kwenye matanga, wakadhani nimerukwa na akili. Akapiga alama mbili, akaitoa, akanionyesha uma zinavyopishana. Meno matatu, kama ulivyosema. Hakusema neno baya juu yako. Aliniuliza tu, "Nani aliifunga?" Nikamjibu sijui.

Utauliza kwa nini nilikuficha. Kama ningekuandikia amekufa, ungelia, ungejipiga kifua, ungekiri kila kitu, na mimi nisingejua kamwe kama unakiri kwa sababu ya kweli au kwa sababu ya maiti. Nilitaka uniambie wakati bado anaishi kwako. Wenye lori niliwaomba wafunge midomo mjini. Mjane wa eda haulizwi sababu, wakanyamaza. Mwezi wa pili nilikuandikia nikiwa nimevaa nyeupe ya eda. Machi nilikuandikia nikiwa nimevaa nyeupe. Ukaniita inspekta.

Na mimi nina langu, sitaki ulibebe peke yako. Alitaka kwenda kwa Stanislas. Kutoka kwetu mpaka mashine ya barafu ni mwendo wa kuchemsha maji. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikasema usimvue Yaya nguo. Nilikuwa nachunga jina lako, wewe unachunga jina lako, na yeye anatuheshimu sote wawili. Kila asubuhi namkuta pale mlangoni ameshika kofia, anasema bon, tungoje. Yaya, nimechoka. Sijui mtu anachokaje hivi na bado anaamka.

Ulitaka nisome barua yako barazani. Nimeisoma. Siku niliyovua nyeupe niliwaita wote, Stanislas pia, nikasimama, nikasoma kwa sauti yangu ile kali kuanzia "sikuweka" mpaka jina lako. Pale pa "Na Amadi. Mwombe radhi" nilinyamaza kidogo. Ni mazoea. Siku zote pakitajwa jina lake nilikuwa nanyamaza ili aseme neno lake, halafu naendelea. Uliniomba nikuandikie lolote atakalosema, kama alivyosema. Basi nimekuandikia.

Radhi yangu mimi usiniombe bado. Labda itakuja. Nikiiona nitakuletea.

Kardani inakuja na lori hii, imefungwa katika gunia pamoja na samaki wa Mama, wale wale alioahidiwa. Alama za Stanislas zipo, usizifute. Zinaonyesha ulivyoifunga.

Sasa zamu yako. Mama yuko hapo karibu, najua, amekaa anangoja salaam za mkwewe. Msomee barua hii kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, usiruke neno kama mimi nilivyoruka kifo chake katika barua zangu. Mara moja inatosha. Unamjua, hasahau.

Habiba